Asilimia 85 Bila Paa: Kisa cha Kituo cha Afya Kilichochelewa na Madiwani Walioambiwa Mwisho

Kisa hiki kilitokea katika halmashauri moja ya mkoa wa Kigoma yenye kata kadhaa za mwambao wa Ziwa Tanganyika. Majina ya watu, ya kata na ya halmashauri yenyewe nimeyaondoa, na tarakimu za mradi nimezisogeza kidogo ili asitambulike mtu. Wakati huo nilikuwa idara ya mipango, na ile asilimia 85 iliyozua yote niliiandika mimi. Nimewafundishia maafisa mipango wapya kisa hiki mara kadhaa, na kila mara huniuliza NASA, shirika la anga la Marekani, imeingiaje kwenye ujenzi wa wodi ya wazazi. Iliingizwa na mhandisi wetu, akitafuta pa kujificha.

Usuli

Kata yenyewe haina barabara ya lori, hata kiangazi. Saruji, nondo, bati na vigae vyote hupakiwa kwenye boti mjini na kushushwa mwaloni, kisha hubebwa kichwani hadi eneo la ujenzi. Serikali ilitenga shilingi milioni 500 kujenga kituo cha afya: jengo la wagonjwa wa nje, maabara, wodi ya wazazi na kichomea taka. Utaratibu ulikuwa wa fosi akaunti, yaani halmashauri inanunua vifaa, kijiji kinaunda kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, na fundi wa hapo hapo analipwa ufundi wake.

Kitabu cha bajeti kilisema kazi itaanza Agosti na kuisha tarehe 30 Juni. Ukikifungua leo utaona kwamba karibu kila mradi humo unaisha tarehe 30 Juni, uwe choo cha shule au soko zima, kwa sababu ndiyo siku ya mwisho ya mwaka wa fedha. Hakuna fundi aliyeulizwa. Fedha ziliingia mwishoni mwa Januari. Karibu miezi sita ilikuwa imekwisha kuliwa, lakini tarehe ya kumaliza ikabaki pale pale, kama vile ucheleweshaji wa hazina haugusi ukuta.

Kuna jambo jingine ambalo sisi wa ofisini hatukulihesabu. Vibarua wa kata ile ni wavuvi. Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa, wakati wa giza. Mbalamwezi ikitoka, vipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, huegeshwa na vijana hupumzika. Maana yake ni kwamba karibu nusu ya kila mwezi nguvu kazi iko ziwani, na mchana inalala. Jedwali letu la kazi lilikuwa na siku 26 kwa mwezi.

Mambo yalivyokwenda

Baraza la Aprili lilipewa taarifa ya asilimia 45 na likapita juu yake bila maswali. Kwa wakati ule taarifa haikuwa mbali na hali halisi.

Mwezi Juni mhandisi aliandika dokezo kwa Mkurugenzi. Nililiona. Lilikuwa na kurasa mbili, na lilisema waziwazi kwamba jengo la wagonjwa wa nje limepauliwa, maabara imefika kwenye linta, wodi ya wazazi imesimama kuta tu, na kichomea taka hakijaanza. Kwamba kwa makadirio yake kazi imefika asilimia 60. Na kwamba haoni namna ya kumaliza kabla ya mwaka mpya. Dokezo likaingia kwenye faili, na faili likarudi kabatini.

Julai ratiba ya Mwenge wa Uhuru ikafika. Mwenge ungepita kwetu mwanzoni mwa Oktoba, na kituo kile kikapendekezwa miongoni mwa miradi ya kuzinduliwa. Hapo ndipo ilipozaliwa tarehe ya 30 Septemba. Haikutoka kwa fundi wala kwa mhandisi. Ilitoka kwenye ratiba ya sherehe, tukahesabu kurudi nyuma.

Agosti nikaandaa taarifa ya robo ya nne. Kwenye jedwali kuna safu ya “asilimia ya utekelezaji”. Nilikuwa na asilimia 60 ya mhandisi mezani. Nilikuwa pia na takwimu za malipo: milioni 425 kati ya 500 zilikuwa zimetumika, kwa kuwa tulinunua vifaa mapema kabla ya mwaka kufungwa. Mkuu wangu akasema tumia ya fedha, inakaa vizuri zaidi. Nikagawa, nikapata 85. Chini yake nikaandika: “Mradi utakamilika ifikapo tarehe 30 Septemba.” Baraza likapokea taarifa. Kwenye ukumbi ule tulikuwa watu wanne tuliojua kwamba tarehe ile imekwisha kufa: Mkurugenzi, mhandisi, mkuu wangu na mimi. Tuliwapaka madiwani mafuta kwa mgongo wa chupa.

Mwenge ulipopita ulizindua mradi mwingine, na kwa muda hakuna aliyeuliza kitu.

Kikao cha Novemba

Diwani wa kata ile alikuja na picha kwenye simu. Aliiomba ipitishwe meza kwa meza. Ilikuwa wodi ya wazazi: kuta nne, anga juu, na ndani yake mbuzi sita wamejikinga jua. Kisha akasimama.

“Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba wataalamu wanioneshe hiyo asilimia 85 iko ukuta upi.”

Ukumbi ulicheka, na kicheko kile kilimuumiza mhandisi. Alisimama akiwa na jasho, akasema miradi huchelewa duniani kote. “Mheshimiwa Mwenyekiti, hata NASA, pamoja na wasomi wao wote, darubini yao imechelewa zaidi ya miaka kumi.” Akaketi akidhani amepona.

Aliyemjibu ni diwani wa kata ya milimani, mwalimu wa fizikia mstaafu, mzee ambaye husema mara moja tu kwa kikao. “Ni kweli, Mheshimiwa Mwenyekiti. Wanachelewa sana. Ila mwanangu mhandisi ametusimulia nusu ya hadithi. Wale wakichelewa, sheria inawataka waliandikie Bunge lao. Sasa mimi naomba kuiona barua yetu sisi.”

Mwenyekiti akauliza swali ambalo lilipaswa kuulizwa Agosti: ofisi ilijua lini? Mkurugenzi alianza kueleza habari za mvua. Mhandisi, na hili nitamheshimu nalo daima, aliinua mkono akasema: “Juni. Niliandika.” Dokezo likatolewa kabatini, likasomwa.

Nusu ya pili ya hadithi

Mzee alikuwa na haki, na ni vizuri kueleza alichokuwa nacho kichwani, maana watu wengi hutaja ucheleweshaji wa NASA bila kujua kilichouzunguka.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2005 ya kuidhinisha shughuli za NASA iliweka mistari miwili. Meneja wa mradi mkubwa akiwa na sababu ya kuamini kwamba gharama za kuutengeneza zitazidi makadirio ya msingi kwa asilimia 15, au hatua muhimu itachelewa kwa miezi sita au zaidi, anatakiwa amjulishe mkuu wa shirika, na shirika liziandikie kamati za Bunge kueleza sababu. Gharama zikizidi kwa asilimia 30, mradi hauwezi kuendelea kula fedha baada ya miezi 18 isipokuwa Bunge liuidhinishe upya kwa sheria. Tazama neno “kuamini”. Sheria haisubiri tarehe ipite. Inamtaka mtu aseme pale anapoona itapita.

Darubini ya anga ya James Webb, ile aliyoitaja mhandisi, ni mfano wa utaratibu huo ukiuma. Mwaka 2010 Seneta Barbara Mikulski, ambaye alikuwa mtetezi wake na si adui, aliandika kutaka jopo huru liichunguze. Jopo liliongozwa na John Casani, na lilikuta tatizo si ufundi bali bajeti na usimamizi: makadirio yalikuwa mabovu tangu mwanzo na akiba haikutosha. Mwaka 2011 kamati ya kugawa fedha ya Baraza la Wawakilishi la Marekani ilipendekeza mradi ufutwe kabisa. Ulinusurika, lakini kwa ukomo wa dola bilioni 8 za utengenezaji na tarehe mpya ya mwaka 2018. Ilipofika 2018 ukaanguka tena. Jopo jingine, la Tom Young, lilieleza makosa ya kibinadamu ya aina ambayo fundi yeyote wa Kigoma angeyaelewa: vali za injini ndogo zilisafishwa kwa kimiminika kisichofaa, na vifungio vya kifuniko cha ngao ya jua vililegea na kudondoka wakati wa majaribio ya mawimbi ya sauti. Young na mkuu wa NASA waliitwa mbele ya kamati ya Bunge wakahojiwa hadharani. Bunge likapandisha ukomo hadi bilioni 8.8. Darubini ikarushwa tarehe 25 Desemba 2021.

Sisi nasi tuna wasimamizi. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hukagua chini ya Ibara ya 143 ya Katiba, na Kamati ya Bunge ya Hesabu za Serikali za Mitaa huwaita wakurugenzi wajieleze. Lakini ripoti ya ukaguzi humfikia Rais mwishoni mwa Machi, ikihusu mwaka uliofungwa tarehe 30 Juni iliyotangulia. Mpaka hoja ya ukaguzi ifike, mbuzi wameshazaliana ndani ya wodi. Kilichokosekana kwetu ni taarifa ya kabla.

Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Baadhi ya madiwani walitaka mhandisi afikishwe kwenye mamlaka ya nidhamu siku ile ile. Mwalimu alipinga, na hoja yake ndiyo iliyoamua kikao: tukimwadhibu huyu aliyeandika, mwakani hataandika mtu. Mkurugenzi alipewa onyo, likaandikwa kwenye muhtasari. Mimi na mkuu wangu hatukuguswa. Sidhani kama ilikuwa haki, na nadhani sababu yake ni kwamba madiwani wengi hawakujua asilimia hupikwa kwenye meza ipi.

Azimio lililopita lilikuwa fupi. Mradi wowote utakaoonekana utachelewa zaidi ya siku 60, au kuzidi makadirio kwa asilimia 10, Mkurugenzi ataiandikia Kamati ya Fedha ndani ya siku 21 tangu mtaalamu amjulishe, bila kungoja kikao cha robo. Barua itaeleza sababu, tarehe mpya, na siku ambayo ofisi ilijua kwa mara ya kwanza. Asilimia ya fedha na asilimia ya kazi zitakaa kwenye safu mbili tofauti. Na tarehe mpya ya kituo kile iletwe baada ya fundi kuulizwa.

Tulikwenda kwa boti: mhandisi, mimi na mtu wa manunuzi. Fundi alitupokea akiwa amekaa juu ya rundo la matofali. “Kaka, mnaniuliza nitamaliza lini utadhani bati ninazo.” Tulikaa naye mchana kutwa. Tulimwomba tarehe tatu: mambo yakinyooka kabisa, yakienda kama yanavyoendaga siku zote, na yakiharibika. Alihesabu kwa mwezi wa angani, akatoa nje majuma ya giza. Alitupa Februari, Aprili na mwisho wa Juni. Ghalani tulikuta mifuko ya saruji ipatayo 90 imeganda kwa unyevu. Ndiyo sehemu ya ile “asilimia 85”.

Tulichagua 31 Mei. NASA wana kanuni inayofanana na hii. Tangu 2009 miradi yao mikubwa hupangiwa bajeti na ratiba kwa kiwango cha uhakika wa asilimia 70, yaani makadirio ambayo katika hesabu yao yana nafasi 70 kati ya 100 za kutimia. Sisi hatukuwa na hesabu ya namna hiyo. Tulikuwa na fundi, giza na mbalamwezi, na upepo wa kusini unaochafua ziwa wakati wa kiangazi. Mkurugenzi angependa Aprili, maana alitarajia ugeni. Alitia saini Mei.

Ziliongezwa shilingi milioni 62 kutoka mapato ya ndani. Zilitolewa kwenye madarasa ya kata nyingine.

Matokeo

Kituo kilianza kupokea wagonjwa katikati ya Juni, wiki mbili baada ya tarehe mpya. Barua ya kuchelewa kwa wiki hizo mbili haikuhitajika, lakini iliandikwa. Wodi ya wazazi ina paa. Diwani wa kata iliyopoteza madarasa hajanisalimia vizuri mpaka leo, na kila nikimwona nakumbuka kwamba tarehe ya uongo ilimgharimu mtu ambaye hakuwamo kabisa kwenye mjadala.

Mwaka wa kwanza wa azimio, Kamati ya Fedha ilipokea barua tano. Mbili ziliwezesha kuhamisha vifaa kabla havijaharibika. Mwaka wa pili haikupokea hata moja, na Mkurugenzi mpya aliitaja hali hiyo kwenye baraza kama mafanikio.

Uchambuzi

Barua sifuri zilinitia shaka, nikarudi kwenye mafaili. Nilikuta mambo mawili.

La kwanza ni dogo: wakuu wa idara walikuwa wamejifunza kuweka tarehe za mbali. Mradi wa miezi minne unaandikiwa kumi. Hapo hakuna anayechelewa, na hakuna anayeharakisha. Hili linatibika kwa kumuuliza fundi mwanzoni, siyo baada ya aibu.

La pili linahusu kichomea taka chetu, na hapa ndipo kisa kilipofundisha zaidi kuliko nilivyotarajia. Kituo kilipofunguliwa, kichomea kilikuwa bado. Badala ya kuandika kwamba mradi haujakamilika, ofisi ilikihamishia “awamu ya pili” na kuufunga mradi wa kwanza kwa asilimia 100. Gharama zake zikatoka kwenye hesabu ya zamani, kwa hiyo ongezeko la gharama likaonekana dogo kuliko lilivyo.

NASA walifanya jambo linalofanana na hili kwa roketi yao kubwa ya SLS, na waliokamata ni wakaguzi wa Bunge lao, ofisi ya GAO. Sheria ya 2010 ilitaka roketi ile iwe tayari ifikapo mwisho wa 2016. Mwaka 2014 shirika likajiwekea Novemba 2018. Mwaka 2019 ongezeko la gharama liliripotiwa kuwa asilimia 14.7, chini kidogo ya ule mstari wa 15. GAO ilipochungulia ikakuta dola milioni 782 hivi za kazi zilikuwa zimehamishiwa safari za baadaye bila kupunguza makadirio ya msingi. Ukizihesabu ipasavyo, ongezeko linafika karibu asilimia 29. Roketi iliruka tarehe 16 Novemba 2022. Nilipoisoma habari hiyo nilicheka peke yangu ofisini. Bilioni kwa bilioni, kilichofanyika kule ni kichomea taka chetu.

Kwa hiyo mstari peke yake hautoshi. Mstari bila mtu wa kuupima asiyekula mezani pa anayepimwa utasogelewa mpaka kwenye 14.7 na kuachwa hapo. Kwetu mtu huyo angeweza kuwa mkaguzi wa ndani, lakini wetu hukaa mlango wa pili kutoka kwa Mkurugenzi na hupanda gari lake. Azimio halikumpa kazi yoyote. Hilo ni kosa letu tulioliandaa, na ningelirekebisha kwanza kuliko kitu kingine.

Suala la tarehe za sherehe ni gumu zaidi, na sina dawa yake. Machi 2019 Makamu wa Rais wa Marekani, Mike Pence, aliiagiza NASA irudishe watu mwezini ifikapo 2024, wakati mipango ya shirika ilikuwa ikilenga 2028. Mwaka 2024 ulipita bila mtu kukanyaga mwezini. Tarehe ya mkubwa ina faida yake: huamsha watu na hufungua mifuko. Hata sisi, bila Mwenge, sina hakika kama mradi ule ungesukumwa hata kidogo. Ubaya ulianza pale tarehe ya kutamani ilipoandikwa kwenye safu ya tarehe ya kukadiria, na aliyeisoma hakuwa na namna ya kuzitofautisha. Sasa huwa nawaambia maafisa wapya waziandike zote mbili, kila moja na jina la aliyeitoa. Wakubwa hawapendi kuona majina yao pale, na safu ile hufutwa mara nyingi kabla taarifa haijachapishwa.

Lililofanya kazi kuliko yote ni uamuzi wa kutomchinja aliyeandika dokezo. Zile barua tano za mwaka wa kwanza zote zilianzia kwa wahandisi na mafundi sanifu walioona kwamba mwenzao alisema “Juni, niliandika” na bado ana kazi yake. Nimewahi kuambiwa kwamba huo ni ulegevu. Waliosema hivyo walikuwa na mafaili yaliyojaa asilimia 85.

Udhaifu wa mwisho ni wa karatasi. Lile lilikuwa azimio la kikao, halikuingizwa kwenye kanuni za kudumu za halmashauri. Baada ya uchaguzi waliingia madiwani wapya, mwalimu hakugombea tena, na hakuna aliyewakabidhi wageni muhtasari wa Novemba ile. Nimempelekea nakala mwenyekiti mpya wa Kamati ya Fedha. Kichomea taka kimo kwenye bajeti ya mwaka huu kikiwa na tarehe ya 30 Juni, na nilipompigia simu fundi alisema habari hizo anazisikia kwangu.